Mabepari wa Venisi: Mkopo 'kausha damu' alioutafsiri Nyerere

Mwaka 2012 ukumbi wa Globe mjini London uliandaa tamasha la Shakespeare lililokusanya tamthilia 37 kwa lugha 37. Kiswahili kilikuwemo, kikiwakilishwa na waigizaji kutoka Kenya waliocheza The Merry Wives of Windsor.

Kwa watu wa Mara, Shakespeare wa Kiswahili si mgeni. Mtoto wa Butiama aliyeanza shule Mwisenge, Musoma, Julius Nyerere, alishamtafsiri zamani. Julius Caezar ilitoka 1963, akiwa tayari Rais. Hakuridhika nayo, akairudia, ikatoka tena 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huohuo ikaja Mabepari wa Venisi.

Rais wa nchi changa alipata wapi muda? Kwake Kiswahili kilikuwa lugha tajiri, na utajiri huo ungeongezeka kikipewa kazi mpya, hata nzito kama mashairi ya Shakespeare.

Tazama jina la kitabu. Kiingereza kinataja mfanyabiashara mmoja tu. Nyerere akaandika 'mabepari', tena wengi, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Msomaji wa wakati ule alijua anaambiwa nini.

Hadithi yenyewe ni ya deni. Bassanio anataka pesa za kwenda kuposa. Rafiki yake Antonio hana taslimu, mali yake yote iko baharini, hivyo anamkopea kwa Shylock dukati 3,000 kwa miezi mitatu. Asipolipa, atakatwa ratili moja ya nyama ya mwili wake. Habari zinakuja kwamba meli zimezama. Kesi inafika mahakamani, na Portia, aliyejivika nguo za kiume kama mwanasheria, anamwambia Shylock akate nyama yake, ila asimwage hata tone la damu, maana mkataba haukutaja damu.

Siku hizi Watanzania wana jina la mikopo ya aina hiyo: kausha damu. Ndiyo maana sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni.

Mvuvi wa kisiwa kama Rukuba, anayekopa nyavu na mafuta akitegemea samaki ambao bado wako ziwani, hahitaji kufafanuliwa hofu ya Antonio. Mali iko majini, tarehe ya kulipa iko nchi kavu.

Lakini Shylock naye si shetani mtupu. Ni Myahudi aliyetukanwa na kutemewa mate na Antonio huyohuyo, na mwisho ananyang'anywa mali na kulazimishwa kubadili dini. Hapo ndipo watazamaji hugawanyika.

Kwa kikundi chenye muda mfupi, onyesho hilo la mahakamani linatosha kuchezwa peke yake. Linataka meza, kisu, mizani na waigizaji wachache. Mizani ya mwaloni itafaa kabisa.