Inhela Yako Iko Wapi Saa Hii? Kuficha Pumu Ndio Ngori Yenyewe

Bila kudanganyana: kama uko na pumu, inhela yako iko wapi saa hii? Kama iko mfukoni, wewe uko rada. Kama umeiacha keja chini ya mto juu hutaki mbogi ikuone ukiipiga, hii story ni yako.

Wasee wawili wanaweza kuwa na pumu ile ile na dawa ile ile, lakini mmoja anapiga form zake poa na mwingine kila mara anakimbizwa hospitali usiku. Mara mingi tofauti haiko kwa kifua. Iko kwa venye kila mmoja anachukulia shida: kuna kuishika uitatue, na kuna kuihepa.

Kuhepa kuko na sura mingi. Kuna yule anasema "hiyo kitu iliniisha nikiwa klasi nne". Kuna yule anasikia kifua kikipiga filimbi usiku, anasema ni baridi ya Julai. Halafu kuna ile inakaa akili kabisa: umeacha boli, umeacha ngazi, umeacha kudensi, na sasa unaambia watu pumu imetulia. Manze, pumu haijatulia. Wewe ndio umetulia.

Na hapa ndio inhela ya bluu inakuanga mtego. Inafungua njia ya hewa kwa dakika chache, unaskia fiti, unasahau. Lakini pumu ni uvimbe ndani ya hizo njia, na bluu haigusi uvimbe. Kazi hiyo ni ya inhela ya steroidi, ambayo mara mingi huwa ya rangi ya kahawia. Shida yake ni moja: ukiipiga huskii kitu papo hapo. Inataka kila siku, kwa wiki kadhaa, so watu huiacha. Wengine wanaogopa jina, na hizi si zile steroidi za wasee wa gym. Suuza mdomo ukimaliza, basi. Tangu 2019, GINA, wale hutoa miongozo ya pumu ya dunia nzima, wanasema mtu mzima asitegemee bluu peke yake. Ukimaliza mikebe 3 ya bluu ama zaidi kwa mwaka, hatari ya kushikwa vibaya inapanda. Ikifika 12, hatari ya kifo inapanda. Hesabu zako.

Upande ule mwingine kuna msee wa kupaniki. Uoga nao hubana pumzi, unaanza kuhema juu juu, unadhani ni pumu, unapiga inhela tena na tena. Huyu hahepi, lakini pia hatatui.

Kutatua kunaanza na maswali ya upelelezi. Ilishika saa ngapi? Wapi? Kulikuwa na nini? Andika kwa simu wiki mbili tu. Unaweza pata kila usiku uliamka ukikohoa, ile dawa ya mbu ya kuchoma ilikuwa inawaka. Hapo unatafuta neti. Kama ni jiko la makaa, jiko linatoka nje, hata kama mwenye mnaishi naye atanuna. Vumbi ya mtaa hutaimaliza, hiyo tukubaliane, na ndio maana dawa ya kila siku iko.

Doo pia ni shida ya ukweli. Spesa, ile chupa ya kusaidia dawa ifike kwa mapafu badala ya kubaki kooni, inaweza kukushinda bei. Daktari Heather Zar na wenzake huko Cape Town walijaribu chupa ya soda ya plastiki ya nusu lita kwa watoto wenye pumu, na kwa jarida la Lancet la 1999 wakaonyesha inafanya kazi sawa na ya duka. Unatoboa kitako kwa waya moto, shimo lishike mdomo wa inhela vizuri, unaziba pembeni na gluu, halafu mdomo wa chupa unakuwa wako. Ioshe na sabuni ya vyombo, iache ikauke yenyewe bila kupanguza.

Kama bado unaona aibu, cheki Paula Radcliffe wa Uingereza. Aliambiwa ako na pumu akiwa na miaka 14. Mwaka wa 2003 akakimbia marathoni ya London kwa 2:15:25, rekodi ya dunia ya wanawake iliyokaa miaka 16 mpaka Brigid Kosgei wetu akaivunja Chicago. Radcliffe ameongea waziwazi kuhusu pumu yake.

Sasa ongea na mbogi yako leo, ukiwa fiti, si siku umelemewa. Waonyeshe mfuko yenye inhela hukaa. Waambie ukishikwa wakukalishe wima, wasikulaze, wasikuzingire. Mpulizo mmoja mmoja, unapumua katikati, mpaka 10. Kama hakuna mabadiliko, ama huwezi maliza sentensi, ama midomo inageuka rangi, ni hospitali saa hiyo hiyo, na inhela mnaibeba muendelee nayo njiani. Na mmoja wao ajue namba ya boda ama teksi ya kuaminika, juu saa nane usiku si saa ya kuanza kuuliza.