Nyanya Anaposahau Njia ya Nyumbani

Leo nazungumza nawe mama unayelea watoto na papo hapo unamtunza mama mkwe au nyanya aliyeanza kupoteza kumbukumbu.

Kusahau mahali ulipoweka miwani si ugonjwa. Hata mimi hunipata. Lakini mama aliyepika chinsaga miaka hamsini akisimama jikoni asijue kinachofuata, au akimshuku mkaza mwana kwamba ameiba pesa alizoficha yeye mwenyewe, hapo ubongo una shida. Wengine hutoka usiku, wakakutwa alfajiri katika boma la jirani wasiweze kueleza wamefikaje.

Hilo la mwisho ndilo huniogopesha. Mei 2008, watu 11 waliuawa kwa moto hapa Kisii kwa tuhuma za uchawi. Oktoba 2021, kule Marani, wanawake wazee wanne waliuawa kwa tuhuma hizo hizo. Mzee asiyeweza kujieleza usiku yuko hatarini.

Basi mpeleke kituo cha afya kilicho karibu, nao watakuelekeza hospitali ya rufaa, Kisii au Nyamira. Usitarajie kipimo kimoja tu cha kutoa jibu. Daktari huanza na wewe unayeishi naye: shida ilianza lini? Ilikuja polepole au ghafla? Mzee aliyekuwa sawa Jumatatu na kuchanganyikiwa Jumatano huenda ana malaria, nimonia, maambukizi ya mkojo, au sukari imeshuka. Huyo apelekwe siku hiyo hiyo.

Kisha nyanya ataulizwa leo ni siku gani, akumbuke maneno machache, pengine achore saa. Kama hakusoma, mwambie daktari mapema, na uombe aulizwe kwa Ekegusii. Kushindwa kushika kalamu si kupoteza akili! Damu itapimwa kuona kama kuna upungufu wa vitamini B12, shida ya tezi ya shingo, kaswende au virusi vya Ukimwi. Picha ya kichwa inaweza kuonyesha kiharusi, au damu iliyovuja baada ya kuanguka. Hata huzuni nzito ya kufiwa na mume huleta usahaulifu. Mengi ya haya yanatibika, ndiyo maana tunayatafuta kwanza.

Yakikosekana, na usahaulifu umekuwa ukizidi polepole, daktari anaweza kusema ni ugonjwa wa Alzheimer. Hauna dawa ya kuponya. Anayekuuzia ya kuponya sokoni anakula pesa yako tu. Ipo donepezili, ambayo huwasaidia baadhi ya wagonjwa kwa muda; inaweza kuleta kichefuchefu au kupunguza mapigo ya moyo, kwa hiyo usimpe bila daktari. Beba pia dawa zote anazomeza, kwa sababu baadhi ya dawa za usingizi na za mzio huongeza usahaulifu.

Nyumbani, usibishane naye. Akisema mumewe aliyefariki anakuja, mwulize habari za mumewe, kisha mpe uji. Ale, aoge na kulala saa zile zile kila siku. Waeleze majirani na mzee wa kijiji kwamba ni mgonjwa, na hospitali imesema hivyo. Andika nambari yako ya simu kwenye kitambaa, ukishone ndani ya nguo yake.