Betri Mbili za Saa ya Ukutani

Katika zama hizi, ambapo simu ya mkononi imekusanya ndani ya kioo kimoja saa, redio, kamera, ramani na posta, si kazi nyepesi kumshawishi kijana kwamba palikuwapo wakati, tena si wa mbali, ambao mtu aliyetaka kutembea na kompyuta mfukoni hakuwa na budi kuchagua miongoni mwa vyombo vichache vya ajabu, kila kimoja kikifunguka kama kijaluba, chenye vibonyezo mithili ya punje za mahindi, na kioo cha kijivu ambacho aghalabu hakikuwa na nuru yake chenyewe bali kiliazima ya jua au ya taa. Vyombo hivyo vilitengenezwa hasa baina ya mwaka 1989 na 2000, vikauzwa ghali, vikasifiwa, vikasahauliwa. Leo wapo watu, wengi wao Japani, Ulaya na Marekani, wanaovisaka katika minada na masanduku ya vitu chakavu, wakavifungua kwa bisibisi, wakang'oa kilichooza, wakatia kipya, na mara nyingine wakavipa nguvu ambayo muundaji wake hakuikusudia. Ningependa kueleza kazi yao, na hasa jambo moja ndani yake lililonishangaza tangu nilipoanza kuifuatilia: kwamba chombo kinyonge mara nyingi hufufuka kwa wepesi, ilhali chenye nguvu hukaidi.

Nianze na kile ambacho, kwa hukumu yangu, ndicho mfalme wao. Mwaka 1994 kampuni ya Hewlett-Packard, katika karakana zake za Corvallis katika jimbo la Oregon, ilitoa kompyuta ya kiganjani iliyoitwa HP 200LX, ndugu wa tatu baada ya 95LX ya mwaka 1991 na 100LX ya mwaka 1993. Urefu wake ni sentimita 16, uzito wake gramu 300 na ushei. Ndani yake mna prosesa ya ukoo wa 80186 yenye mapigo yasiyotimia milioni 8 kwa sekunde, na mfumo wa MS-DOS 5.0 umechapwa katika kumbukumbu isiyofutika, pamoja na jedwali la hesabu la Lotus 1-2-3, ambalo siku hizo lilikuwa kitabu cha wahasibu duniani kote. Ukiibonyeza huamka papo hapo, na neno uliloliacha nusu jana utalikuta nusu leo, kwa maana haizimiki kamwe, husinzia tu.

Chakula cha chombo hiki chote ni betri mbili ndogo, zile zile tunazotia katika saa ya ukutani na katika rimoti ya televisheni, na zikiwa mpya hukitosha kwa wiki kadhaa za matumizi ya wastani. Msomaji asilipite jambo hili haraka. Mhandisi aliyeamua hivyo alijinyima mengi: taa nyuma ya kioo, rangi, kasi, sauti ya maana, maana betri hizo mbili hazina uwezo wa kulisha anasa. Lakini kwa kujinyima kwake alikifunga chombo chake na bidhaa ambayo haina mwenyewe, inayouzwa na mwenye kigenge na mwenye duka la jumla kadhalika, na ambayo haikuacha kutengenezwa HP ilipokoma kuiunda 200LX mwaka 1999. Anayeikuta leo katika saraka la marehemu babu yake, ikiwa haikuvuja kitu, atahitaji betri hizo mbili, pamoja na kidonge kimoja cha betri bapa kinacholinda kumbukumbu wakati zile kubwa zinapobadilishwa, basi.

Walakini binadamu hatosheki, na hapo ndipo ufundi wa kukibadili chombo unapoanzia. Ndani ya kompyuta yoyote mna kipande cha fuwele kinachotetema kwa idadi isiyobadilika kila sekunde, na mtetemo huo ndio ngoma ambayo prosesa huicheza. Wapenzi wa 200LX waligundua kwamba prosesa ile ilikuwa na uwezo wa kucheza kwa haraka zaidi kuliko ngoma iliyopigiwa. Wakaing'oa fuwele yake, wakaweka nyingine yenye mitetemo maradufu, na kompyuta ikaenda kwa kasi mara mbili. Lakini ngoma ni moja kwa wachezaji wote. Ilipoharakishwa, mawasiliano ya waya yaliyopimwa kwa mtetemo wa zamani yalipoteza hesabu, ikabidi iandikwe programu ndogo ya kusawazisha mambo. Na betri nazo zikawahi kwisha. Wengine walifungua ubao wa kumbukumbu, uliotoka kiwandani na megabaiti 1, 2 au 4, wakatia lihamu vipande vipya hadi kufikia 32 na hata 64. Wengine wakachomeka taa nyembamba nyuma ya kioo. Na Wajapani, ambao chombo hiki hakikujua maandishi yao, walijitengenezea wenyewe programu na herufi zao kwa maelfu, wakakifundisha Kijapani bila ya kungoja kiwanda kiwafanyie.

Sitasema mengi juu ya Psion wa London, ingawa wapo watakaoniona dhalimu. Kampuni hiyo iliyoanzishwa na David Potter mwaka 1980 ilitoa mwaka 1997 chombo kiitwacho Series 5, ambacho kibodi yake, kwa hikima ya mbunifu Martin Riddiford, hujisogeza mbele kifuniko kinapofunguliwa ili kioo kipate pa kuegemea. Nacho pia kilikula betri mbili za saa ya ukutani. Ila mchezo ule ule wa bawaba ndio uliokiua: utepe mwembamba wa nyaya unaounganisha kioo na mwili ulikunjwa na kukunjuliwa kila siku, hata shaba yake ikapasuka, na mistari ikaanza kukikata kioo. Tiba yake ni kuupata utepe mpya na kuwa na saburi. Psion iliacha biashara ya vyombo vya kiganjani mwaka 2001. Na mwaka 2018 kampuni nyingine ya London, Planet Computers, ilipotoa chombo kiitwacho Gemini, kibodi yake ikibuniwa na Riddiford yule yule, wazee wa Psion walishangilia. Nami ningeshangilia nao, lau betri yake isingefungiwa ndani.

Sasa tuje kwa wenye nguvu. Mwezi wa Aprili 1996 Toshiba ilitoa Japani kompyuta iliyoitwa Libretto, neno la Kitaliano lenye maana ya kijitabu, na ya kwanza katika ukoo huo ilikuwa na uzito wa gramu 840. Hii haikuwa daftari la kielektroniki lenye majivuno. Ilikuwa kompyuta kamili ya Windows iliyofinyangwa hadi ikaenea katika mikono miwili, na kipanya chake kilikuwa kidoti kando ya kioo, kinachosukumwa kwa dole gumba, huku vidole vingine vikibonyeza vitufe vilivyo nyuma ya kifuniko. Libretto 50 ya mwaka 1997 ilikuwa na Pentium ya mapigo milioni 75, na mafundi wakaona punde kwamba kwa kuhamisha vipingamizi viwili vitatu visivyozidi punje ya mchanga mnene, ingekubali kwenda milioni 100.

Ugonjwa wake wa kwanza ni diski. Diski za zamani zilikuwa na sahani zinazozunguka, na sahani hizo zina umri. Hapa tena ukarimu wa bidhaa isiyo na mwenyewe huokoa: kadi za kumbukumbu za CompactFlash, zilizoanza mwaka 1994 kwa ajili ya kamera, zinajua kusema lugha ile ile ya diski za zama hizo, kiasi kwamba kinachohitajika baina ya kadi na kompyuta ni kiungo cha bei ndogo cha kupatanisha miguu tu. Fundi hutoa diski, hutia kadi, na kompyuta iliyokuwa ikikoroma kama mgonjwa wa pumu huwa kimya, baridi na nyepesi.

Lakini Libretto ina mtego. Ikilazwa usingizi mzito, hunakili kumbukumbu yake yote katika sehemu ya mwisho wa diski, na mwisho huo huuhesabu kwa kipimo cha zamani kisichoweza kuona zaidi ya gigabaiti 8 na kitu. Mtu akitia kadi ya gigabaiti 32, kompyuta hudhani kwamba diski imekomea pale ilipokoma hesabu yake, na kumbe hapo ni katikati ya shamba. Hivyo kila inapolala hufukia mazao ya mwenyewe bila ya kutoa onyo lolote, na faili hupotea moja baada ya nyingine hata mtu akadhani amerogwa. Wajuzi huacha kipande hicho kitupu makusudi, kama mtu aachavyo njia ya maji kando ya nyumba yake.

Ugonjwa wa pili ni betri, na huu ndio mzito. Mkoba wa betri wa Libretto ulikuwa wa Libretto, haukuingia kwingine, na ulipokoma kutengenezwa ulikoma. Wapo wanaoupasua mkoba na kutia betri mpya za lithiamu ndani yake, kazi ambayo simshauri mtu asiyeifahamu, kwa kuwa betri ya lithiamu ikipata joto la chuma cha lihamu inaweza kulipuka mkononi. Bado pana kidude cha ulinzi ndani ya mkoba ambacho mara nyingine hukumbuka kwamba betri zake zilikufa na kukataa kuamini kwamba zimefufuka. Matokeo yake ni kwamba Libretto nyingi zilizopona leo zinaishi zimefungwa kwa waya ukutani, kama mbuzi kambani, na zile gramu 840 zilizosifiwa sana hazina tena pa kutembea. IBM ilikuwa na akili zaidi mwaka 1995 ilipotoa Japani kompyuta yake ndogo PC 110, ikaipa betri ya kamera ya video, ya aina iliyokuwa ikiuzwa madukani.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, vijaluba hivi ni vigeni, lakini laptopu ndogo si ngeni. Rwanda, tangu mwaka 2008, iligawa kwa wanafunzi wa shule za msingi zaidi ya laki moja za zile laptopu za kijani na nyeupe za mradi wa One Laptop per Child, ambazo kioo chake husomeka juani na ambazo waundaji wake walitarajia zifunguliwe na watoto, hata ndani ya mpini wake wakaweka parafujo za akiba. Sijapata kuona heshima kubwa kuliko hiyo kutoka kwa kiwanda kwenda kwa mwenye mali. Na fundi simu wa Kariakoo au wa Luthuli, mwenye hadubini yake, kipuliza joto chake na kibano chake, ana kila chombo cha kazi niliyoieleza hapa. Anachokosa ni mteja tu.

Kuna jambo la dawa ambalo lazima nilitaje kwa kuwa watu hulikosea. Betri ndogo za akiba zilizotiwa lihamu katika ubao wa kompyuta nyingi za miaka hiyo huvuja zikizeeka, na kimiminika chake huila shaba kikaacha ukungu wa kijani, kama ule tunaouona katika springi za redio iliyosahauliwa na betri zake ndani. Watu hukiita tindikali. Kwa hakika ni kinyume chake, ni magadi makali, na ndiyo sababu fundi huyatuliza kwa tone la siki au la maji ya ndimu kabla ya kuosha kwa spiriti. Lakini siki hiyo hiyo, inayoponya ubao, ni dalili ya mauti katika kioo. Vioo vya zamani vina utando wa kuchuja nuru, na baadhi ya tando hizo, zikioza kwa joto na unyevu, hutoa harufu ya siki, kisha hububujika mapovu na kugeuka hudhurungi. Ukinusa kompyuta ya kale ukadhani umefungua chupa ya achari, ujue kinachooza.

Kuutoa utando huo ni kazi ya subira: huambuliwa taratibu kuanzia pembeni, gundi yake ikasuguliwa kwa spiriti mpaka kioo kiwe safi, kisha utando mpya ukakatwa kwa wembe na kubandikwa. Tatizo ni kwamba utando una mwelekeo, kama nyuzi za kitambaa, na ukiulaza upande usio wake, palipostahili kuwa peupe huwa peusi. Mwenye busara huulaza kwanza bila ya kuubandika, akautazama chombo kikiwa kimewashwa. Mimi, mara ya kwanza, nilikuwa na haraka. Nilibandika, nikafunga parafujo zote, nikatia betri mbili nilizozinunua duka la jirani, na kioo kikaja cheusi tititi na herufi zake nyeupe, kama ubao wa shule. Nilizifungua tena zile parafujo, nikakata utando mwingine, safari hii nikaushika tu kwa ncha za vidole juu ya kioo na kuugeuza robo ya duara. Weusi ukajiondoa, na pale juu, pembe ya kushoto, kistari kidogo kilikuwa kikipepesa, kikingoja niandike.