Majina ya Michezo ya Watoto Shuleni: Mdako, Rede na Kombolela

1.0 Utangulizi

Makala hii inachunguza majina ya michezo mitatu iliyochezwa na wanafunzi wakati wa mapumziko huko Mwandoya, wilayani Meatu, eneo lililokuwa katika Mkoa wa Shinyanga hadi Mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa mwaka 2012. Data ni kumbukumbu za mwandishi, aliyesoma huko miaka michache baada ya Elimu ya Msingi kwa Wote kuanza kutekelezwa mwaka 1977. Wengi wetu tulifika shuleni tukizungumza Kisukuma tu. Darasani Kiswahili kilikuwa lugha ya kujibia maswali. Uwanjani kilikuwa lugha ya kudai haki. Hoja yetu ni kwamba majina haya hayaelezeki kikamilifu pasipo kanuni za michezo yenyewe.

2.0 Uchambuzi wa Majina

Katika mdako, mchezaji hurusha kijiwe juu, huchota vingine kutoka shimoni, kisha hukidaka kile cha kwanza kabla hakijaanguka. Jina limenyambuliwa kutokana na kitenzi daka, kama vile mchezo kutokana na cheza. Kilichopewa jina si kijiwe wala shimo, bali kitendo kinachoamua kama mchezaji ataendelea au atatoka.

Katika rede, wawili hurushiana mpira wa matambara, na aliye kati huukwepa huku akijaza mchanga katika chupa. Jina hili linaelekea kutoholewa kutoka neno la Kiingereza lenye maana ya 'tayari'. Ikiwa ndivyo, basi tamko la kuanzisha mchezo limegeuka kuwa jina la mchezo.

Kombolela ndilo lenye mafunzo zaidi. Mmoja hutafuta, wengine hujificha. Anayeonekana na kutajwa huwa mateka. Anayewahi kituoni kabla ya mtafutaji huwakomboa mateka wote. Kauli ya kutendea ya komboa katika Kiswahili sanifu ni kombolea, ambamo /l/ ya shina hujitokeza lakini ile ya kiambishi imedondoshwa. Katika kombolela zote mbili zipo: kombol-el-a. Hatudai kwamba asili yake ni Kisukuma, kwani lugha nyingi za Kibantu zimehifadhi /l/ hiyo. Hata hivyo, kwa mtoto wa Kisukuma umbo hilo halikuwa geni masikioni.

3.0 Usemi kama Kitendo

Mtafutaji alipaswa kutaja jina sahihi. Kwa hiyo watoto walibadilishana mashati, na aliyetajwa kimakosa hakuwa mateka. Huu ni mfano bayana wa dhana ya J. L. Austin (1962) kwamba kusema ni kutenda, na kwamba tendo hilo hubatilika masharti yake yasipotimizwa. Mwenzetu mmoja, ambaye darasani alisimama kimya kila alipoulizwa, uwanjani alijitetea kwa sauti: "Ungeliniona ungelitaja jina langu!" Kiambishi -ngeli- alikimudu pale alipokihitaji ili asitekwe.

4.0 Hitimisho

Msamiati huu hauna budi kukusanywa pamoja na kanuni zake, wakati waliocheza wangalipo. Fasili ya kombolela inayoishia kwenye 'mchezo wa watoto wa kujificha' haijakosea, lakini imeacha nje ukombozi, ambao ndio uliolipa neno hilo mzizi wake.