Je, Wajua? Kiondo Kilitangulia Marufuku ya Plastiki

Je, wajua kwamba tarehe 28 Agosti 2017, Kenya ilipoanza kutekeleza marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, kwa adhabu ya faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4, jamii za Ukambani, kuanzia Kasikeu katika Kaunti ya Makueni hadi Kitui, tayari zilikuwa na kifungashio endelevu, yaani chombo cha kubebea chakula kinachotumika mara nyingi na hatimaye kuoza?

Chombo hicho ni kiondo. Majani ya mkonge hukwaruzwa mpaka nyama yake ya kijani itoke na kubaki nyuzi nyeupe ziitwazo katani, ambazo zikishaanikwa husokotwa kwa kiganja juu ya paja hadi ziwe uzi imara, kisha husukwa kuanzia kitako kwenda juu kwa msuko ulioshikana kiasi kwamba punje ya mbaazi haipenyi. Kiondo cha nailoni, hata kikidumu na kupendeza, hakistahili sifa ya kuwa kifungashio endelevu, kwa kuwa nailoni yenyewe ni plastiki.

Vinywaji navyo vilitiwa kibuyuni. Leo, Sheria ya Kenya ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inamtaka mzalishaji awajibikie vifungashio vyake hata baada ya mlaji kuvitupa, ilhali kiondo cha katani kikichakaa huozea shambani na kuwa mbolea.