Saa ya Mafuta katika Injini ya Dizeli

Wewe mkulima mwenye injini ndogo ya dizeli, iwe ni ya kusaga mahindi au ya kuvuta maji, yafaa ujue ya kuwa nguvu yake haitokani na wingi wa mafuta peke yake. Hutokana na mafuta kufika kwa saa yake. Yakiwahi mno au yakichelewa, fedha yako hutoka pamoja na moshi.

Injini hii, ambayo mhandisi Mjerumani Rudolf Diesel aliifanikisha mjini Augsburg mwaka 1897, haina plagi ya kuwasha moto. Pistoni hupanda na kuibana hewa hata ikawa ya moto sana. Ndipo nozo hupuliza mafuta, nayo hujiwasha. Lakini hayawaki papo hapo. Kama upandavyo mbegu mapema ili mche uikute mvua, vivyo hivyo mafuta hupulizwa kabla pistoni haijafika juu, ili nguvu ya moto iikute ikianza kushuka. Katika injini nyingi ndogo mafuta hutangulia kwa digrii 15 hata 25 za mzunguko. Injini izungukayo mara 600 kwa dakika hupita digrii 20 kwa sehemu moja ya 180 ya sekunde. Basi kosa dogo si dogo.

Dalili ni hizi. Mafuta yakiwahi mno, injini hugonga kwa ukali, na mpini huweza kurudi nyuma uwashapo. Pistoni na beringi huumia. Usidhani kishindo ni nguvu. Yakichelewa, injini huwa nzito, moshi huwa mweupe au wa kijivu, bomba la moshi huwa la moto mno, na mafuta huisha upesi. Moshi mweusi mara nyingi una sababu nyingine: mzigo mkubwa, chujio la hewa chafu, au nozo mbovu. Yatazame hayo kwanza, wala usiongeze mafuta kwa skrubu ya pampu.

Kupima saa, fanya hivi:

1. Zima injini, iache ipoe, nawe fungulia bomba la tangi.

2. Fungua nati ya bomba la nozo upande wa nozo. Zungusha gurudumu zito kwa mkono, kwa mwendo wake wa kazi, hata mafuta yajae mdomoni mwa bomba na mapovu yaishe.

3. Endelea polepole pistoni ikipanda kubana hewa. Mafuta yanapoanza tu kutikisika mdomoni, simama.

4. Pima kwa utepe, juu ya ukingo wa gurudumu, umbali uliobaki hata alama ya pistoni kuwa juu. Mzingo wa gurudumu ukiwa sentimeta 180, kila digrii moja ni nusu sentimeta. Digrii 20 ni sentimeta 10.

5. Linganisha na hesabu iliyo katika kitabu cha injini yako. Hiyo ndiyo sheria, si hesabu ya injini ya jirani.

Injini nyingi za silinda moja zina vibati vyembamba chini ya pampu, viitwavyo shimu. Ukipunguza shimu, mafuta huwahi, ukiongeza, huchelewa. Badili kimoja tu, kisha pima tena. Nyingine zina skrubu badala ya shimu. Fuata kitabu chake.

Angalia sana: usiweke mkono mbele ya nozo ipulizapo. Mafuta hayo hupenya ngozi kama sindano, na aliyepigwa nayo sharti apelekwe hospitali mara moja, ijapokuwa jeraha ni dogo.

Mwisho, hakikisha kwa kazi. Kabla ya kurekebisha na baada yake, saga uzito ule ule wa mahindi makavu kwa chekeche ile ile, ukipima mafuta kwa chupa. Uandike. Sikio hudanganya, bali chupa haidanganyi. Na mafuta yanayobaki ndani yake ni faida yako.