Mtoto wa Nani?

Wanangu, kwetu ni Bweni, ng'ambo ya mto Pangani. Kutoka Dar es Salaam basi linapita Chalinze, Segera na Muheza kwenye machungwa mpaka Tanga mjini. Hapo unapanda gari la Pangani, kilomita kama 50 hivi, na ukishuka bado hujafika. Mbele yako kuna mto, nao unavukwa kwa pantoni.

Ijumaa moja nilikwenda na mwanangu wa miaka 9, mzaliwa wa Dar. Pantonini alisimama karibu na mzee mwenye baiskeli na tenga la samaki.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mtoto wa nani wewe?"

Mwanangu akataja jina langu. Mzee akanyamaza, anangoja. Mtoto akataja mtaa wetu, kisha shule yake. Mzee bado anangoja. Ndipo nikasema mimi, "Mjukuu wa yule bibi wa mkate wa kumimina, nyumba ya mwembeni." Mzee akamshika mkono. "Kumbe wa hapa hapa! Bibi yako kanilisha sana huyo."

Mzee hakuwa akipeleleza. Kwetu akina Juma na akina Fatuma wamejaa kila mtaa, kwa hiyo jina peke yake halimwambii mtu kitu. Akishaijua nyumba yenu, anajua akuite mjukuu au mpwa, anajua kama mna utani, na anakumbuka kama kuna pole ambayo hajaitoa.

Wakati tunavuka, mzee alimwonyesha mwanangu maji. Yametoka mbali, kwenye milima ya Kilimanjaro na Meru, yakateremka mpaka hapa yanapokutana na Bahari ya Hindi. Bahari ikijaa, maji ya chumvi yanaupanda mto, ikipwa, yanarudi. Akamwonyesha pia upande wa Kikogwe, ilikopandwa miche 62 ya mkonge mwaka 1893. Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche kutoka Florida, na iliyofika hai ni hiyo 62 tu. Mashamba makubwa ya mkonge mnayoyaona mkipita njia ya Tanga yalianzia kwenye miche ile.

Jumamosi asubuhi mtoto alitaka twende ufukweni. Nikamwambia, kwanza tuna nyumba ya kwenda. Jirani yetu alifariki nikiwa Dar, wala sikuwahi maziko. Ukirudi nyumbani, mlango wa kwanza ni wa wafiwa. Usipite na kicheko chako mbele ya baraza lao kabla hujawapa pole. Njiani akaniuliza, "Nikifika niseme nini?" Nikamjibu, "Sema poleni, kisha ukae kimya." Akafanya hivyo. Tulikaa mkekani na mjane kwa muda mrefu, na maneno yalikuwa machache mno. Mpaka leo naona ile ndiyo saa iliyokuwa na maana kuliko zote katika safari yetu.

Baada ya hapo ni kula. Kwa shangazi muhogo wa nazi, kwa mjomba samaki wa kupaka, kwa jirani chai na maandazi. Mtoto akaninong'oneza kwamba ameshiba. Nikamwambia aonje. Tonge moja linatosha, maana mwenyeji hahesabu matonge. Anachotaka ni mkono wako uguse sahani yake.

Rafiki yangu wa utotoni, mvuvi wa dagaa, nilimkuta anashona nyavu. Tulikuwa na bahati, kwa kuwa ilikuwa mbalamwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa: wanaufuata mwanga na kukusanyika. Mwezi ukiwaka bahari yote ina mwanga, taa haiwavuti tena, na wavuvi wanapumzika. Kwa hiyo mkitaka kumkuta mvuvi wa dagaa nyumbani, tazameni mwezi kabla hamjakata tiketi.

Alinieleza habari za daraja lililokuwa likijengwa kuvuka mto. Nalitaka daraja hilo kwa moyo wangu wote: nimewahi kusimama gatini usiku na mgonjwa, tukingoja. Hata hivyo nawaombea watoto wa Bweni wapate pengine pa kusimama bega kwa bega na wazee wenye matenga.

Jumapili shangazi alitufungia madafu, samaki wakavu na mkate wa kumimina ungali na joto. Mgeni wetu haondoki mikono mitupu, hata akikataa mara tatu.

Pantonini mama mmoja mwenye ndoo ya pweza alimwangalia mwanangu, kisha akakiangalia kifurushi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mtoto wa nani?"

Mwanangu hakunitazama. "Mjukuu wa bibi wa mkate wa kumimina," akasema, "nyumba ya mwembeni." Akafungua kifurushi, akamkatia yule mama kipande.